Amesoma Vizuri, Lakini Ameelewa Nini?

  

Jioni hii naanza na jaribio dogo. Nitasoma sentensi moja, kisha nitauliza maswali 3. Mtoto akiwa karibu nawe, mwite mjibu pamoja. Sentensi ni hii: “Mparo alibwasha mifuni kwenye lupeto.” Narudia: “Mparo alibwasha mifuni kwenye lupeto.”

Swali la kwanza: nani alibwasha mifuni? Swali la pili: Mparo alibwasha nini? Swali la tatu: aliibwasha wapi?

Umejibu yote. Mparo. Mifuni. Kwenye lupeto. Umepata 3 kwa 3, na mwalimu angekuwekea tiki kubwa nyekundu. Sasa nikuulize la nne: kilichotokea ni nini? Mparo amefanya jambo jema au baya? Hapo mimi na wewe tunanyamaza sote, kwa sababu maneno hayo nimeyabuni mchana huu. Hayana maana yoyote. Na bado umepata alama zote.

Nimefanya hivyo ili wewe mzazi na wewe mwalimu muone jambo ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote katika madarasa yetu ya mwanzo. Mtoto anaweza kusoma habari nzima kwa sauti nzuri, akajibu nani, nini na wapi, akasahihishiwa vyema, na kichwani mwake habari ile isiwe tofauti na Mparo na mifuni yake. Anachukua neno kutoka kwenye swali, analitafuta kwenye habari, ananakili lililo jirani yake. Hapo anatumia macho tu, na kuelewa bado hajaanza.

Lugha yetu ya Kiswahili ina baraka katika kusoma, na baraka hiyo ina hatari yake. Inaandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto akishazimudu irabu 5, akazishika ba, be, bi, bo, bu, akaendelea hadi mba na ng'wa, anaweza kusoma karibu kila kitu kilichoandikwa. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi kufika hapo, maana maandishi ya lugha hiyo yana vikwazo vingi. Wetu akijitahidi, hata kabla ya kumaliza Darasa la Pili anaweza kukusomea tangazo la serikali la kijiji bila kukwama. Mzazi anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Hatari inaingia pale sote tunapodhani kazi imeisha.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Walisema mambo hayo huzidishwa, hayajumlishwi. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata jingine liwe kubwa namna gani. Mtoto anayetamka kila silabi lakini hajui lugha ya habari ile ana sifuri upande mmoja.

Takwimu za nchi yetu zimeonyesha hilo waziwazi. Mwaka 2010 watu wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajifunza, walipita kaya kwa kaya nchini Tanzania, wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Katika watoto 10 wa Darasa la Tatu, kama 3 tu ndio waliomudu hadithi ya Kiswahili. Mwaka 2013 ukafanyika upimaji wa kitaifa wa stadi za KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa Darasa la Pili. Mtoto alipewa dakika 1 ya kusoma habari, kisha akaulizwa maswali 5. Waliofikia kiwango cha kuelewa kilichotakiwa walikuwa asilimia 8 hivi. Wengi zaidi walikuwa wanaweza kutamka maneno ya habari ileile.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ukapunguzwa mzigo, ukabaki na KKK kama kiini. Mkoa wetu wa Simiyu, uliokuwa bado mchanga tangu kuzaliwa mwaka 2012, ukaingizwa kwenye mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014, ambao ulinoa walimu wa madarasa ya awali na kuandaa madarasa ya utayari kwa watoto ambao hawajawahi kukanyaga shule, yakiendeshwa na wasaidizi kutoka vijijini humohumo. Baadaye ukaja mpango wa Shule Bora, na Simiyu imo pia. Walimu mliopita mafunzo hayo mnajua mlichopata. Lakini mwaka 2016 michango ya shule ilipoondolewa, Darasa la Kwanza likafurika kuliko wakati wowote. Mwalimu mmoja mbele ya watoto waliojaa hadi mlangoni anashika njia iliyo rahisi: anasoma, wao wanaitikia kwa pamoja. Simlaumu hata kidogo. Namwomba tu tusaidiane kuona kinachopotea katika kelele ile.

Tuje kwa mtoto wa kwetu mwenyewe, mtoto wa Shishiyu, wilayani Maswa.

Mtoto huyu anafika shuleni akiwa na miaka 6 na lugha kamili mdomoni, nayo ni Kisukuma. Kwa lugha hiyo anajua kueleza ng'ombe yupi kapotea na kapotelea wapi. Anajua kubishana, kutania, kuomba msamaha, kusimulia hadithi ya Fisi na Sungura kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza darasani, yote hayo yanaachwa nje ya mlango, na anaanza upya kwa lugha anayoisikia redioni na mnadani. Wenzetu wa Kenya, kwa sera yao, wanaruhusu lugha ya eneo itumike katika madarasa 3 ya mwanzo kule vijijini. Uganda nao, tangu mtaala wao wa mwaka 2007, wanaanza kufundisha kwa lugha za maeneo. Sisi tulichagua Kiswahili, na mimi ni miongoni mwa wanaoupenda uchaguzi huo, kwa sababu umetuunganisha. Lakini kukipenda Kiswahili hakumzuii mwalimu kuuliza kwa Kisukuma: “Umeelewa nini hapo?” Mtoto akijibu kwa Kisukuma na jibu likawa sahihi, amesoma. Ameelewa maandishi ya Kiswahili. Kilichobaki ni kumsaidia kulisema jibu lile kwa Kiswahili, na hiyo ni kazi ya dakika moja. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine na asiyekijua Kisukuma anaweza kumtumia mtoto mmoja mchangamfu awe mkalimani wa darasa, na yeye mwenyewe akajifunza humohumo.

Kuna jambo dogo hapa linaloniuma. Mtoto anasoma, “Lafiki yangu amekuja.” Darasa linacheka, mwalimu anamkatisha: “Sema ra! Rafiki!” Anarudia mara 3, anaingiwa na aibu, na mtiririko wa habari umekatika kabisa. Mtoto yule alikuwa ameelewa kwamba kuna mtu kaja, na kwamba mtu huyo anapendwa. Matamshi yana kipindi chake. Kwenye kipindi cha ufahamu, mwache amalize.

Sasa nataka kuingia darasani hasa. Hii hapa ni habari fupi niliyoitunga kwa ajili ya watoto wa huku. Sikiliza.

“Minza aliamka mapema. Yeye na bibi walibeba mifuko, wakaenda shambani. Walipofika, pamba ilikuwa imelowa. Bibi alitazama juu, kisha akatikisa kichwa. Walirudi nyumbani na mifuko mitupu.”

Mwalimu anaweza kuuliza: nani aliamka mapema? Jibu limo kwenye mstari wa kwanza, na swali hilo lina faida yake kwa mtoto anayeanza. Anaweza kuendelea: walichuma pamba siku ile? Angalia, hakuna mahali palipoandikwa kwamba hawakuchuma. Mtoto lazima ashike maneno “mifuko mitupu” ayafungamanishe na safari ya shambani. Hapo ameanza kufikiri. Halafu linakuja swali tamu kuliko yote: kwa nini walirudi? Habari haisemi. Lakini mtoto wa Shishiyu anajua. Amemsikia mama akisema pamba haichumwi ikiwa na maji, amekwenda na baba kwenye mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kuona mzigo ukikataliwa daraja la kwanza. Atakwambia, “Wangechuma, ingekuwa fifi,” yaani pamba ya daraja la chini. Na bibi alitazama juu kwa nini? Mmoja atasema alikuwa anaangalia kama jua litatoka. Mwingine atasema alikuwa anaangalia kama mvua itarudi. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na mwalimu hodari hatafunga mjadala kwa kutaja moja. Atauliza swali ambalo natamani liandikwe juu ya kila ubao mkoani Simiyu: “Unajuaje?”

Unajuaje. Swali hilo linamrudisha mtoto kwenye maandishi kutafuta ushahidi. “Najua kwa sababu imeandikwa pamba ilikuwa imelowa.” Siku mtoto wa Darasa la Pili atakapoanza kusema “kwa sababu imeandikwa”, utakuwa umempa kitu ambacho atakitumia hadi siku ya kusoma mkataba wa mkopo.

Chukua sasa mtoto huyohuyo, mwenye akili zilezile, umpe habari ya mvuvi wa Pangani anayengoja maji yajae ili ashushe ngalawa. Ataitamka yote. Ukimuuliza kwa nini mvuvi alingoja, atakutazama tu. Hajawahi kuona bahari ikipwa na kujaa. Mpeleke mtoto wa Pangani kwenye habari ya michembe ya viazi na pamba fifi, naye atakutazama vilevile. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, walithibitisha hili kwa habari ya mchezo wa besiboli. Watoto waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo huo waliielewa habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo mwalimu anapotumia dakika 5 kabla ya kufungua kitabu kueleza bahari ni nini, akachora ngalawa ubaoni, hapotezi muda wa kusoma, maana somo la ufahamu limeshaanza.

Na jambo hili la kusoma juu ya unachokijua si geni Usukumani. Wazee wetu wanalijua kuliko tunavyodhani. Mwaka 1968 ulianza mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima, serikali ikishirikiana na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, ukahudumia mikoa 4 ya Ziwa: Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga. Wilaya yetu ya Maswa wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Vitabu vya kuanzia kusoma viliandikwa juu ya kazi za watu wenyewe: kilimo cha pamba, ufugaji wa ng'ombe, uvuvi, migomba. Mkulima alijifunza herufi huku akisoma lini apande na namna ya kupambana na wadudu. Alikuwa na la kusema juu ya kila ukurasa, na mara nyingine alikuwa na la kubisha. Mwanza pia likachapishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma wapate cha kusoma.

Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wenye umri wanaikumbuka. Kwa wiki 12, vikundi vya watu vilikaa kuzunguka redio, nchi nzima, washiriki wapatao milioni 2. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi alisoma kitabu kwa sauti, watu wakajadili: hapa kwetu hali ikoje, malaria inatupata vipi, tufanye nini? Baada ya hapo wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ukikitazama kikundi kile kwa jicho la mwalimu, utaona kila kitu ninachokiomba jioni hii. Maandishi yalisomwa polepole, yakajadiliwa, yakaunganishwa na maisha ya msomaji. Waliokaa pale ni babu na bibi wa watoto walio Darasa la Pili leo.

Nirudi kwa walimu wangu. Mtafiti mmoja, Dolores Durkin, alikaa katika madarasa ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa na saa na daftari. Katika dakika 4,469 za masomo ya kusoma, alizokuta zikitumika kufundisha ufahamu wenyewe zilikuwa 20. Muda mwingi kuliko huo walimu waliuliza maswali ili kujua nani amepata na nani amekosa. Hilo ni kupima, na kupima hakumfundishi aliyekosa. Mtoto aliyekosa anabaki na kosa lake, na hajui aliyepata alipitia njia gani. Kama nchi tajiri ile yenye vitabu tele ilinaswa hapo, basi sisi tusione aibu kujitazama.

Kufundisha ufahamu ni kufikiri kwa sauti mbele ya watoto. Mwalimu anasoma mstari, anasimama, anasema: “Hapa imeandikwa bibi alitikisa kichwa. Mimi nikitikisa kichwa hivi, huwa nakataa jambo. Sasa bibi anakataa nini? Ngoja nirudi nyuma nione.” Anarudi kweli, kwa kidole, watoto wakimwangalia. Wanaona kwamba hata mtu mzima hukwama, na kwamba akikwama hurudi. Watoto wengi wanaamini msomaji hodari ni yule anayekwenda mbele bila kusimama. Ni lazima waone kwa macho yao kwamba si hivyo.

Wingi wa watoto ni tatizo la kweli, na siwezi kulipuuza. Hata hivyo, habari moja ya mistari 5 iliyoandikwa ubaoni inatosha darasa zima. Wageuze wa dawati la mbele watazamane na wa nyuma, wape dakika 3 waulizane kwa lugha yoyote. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza kazi 4 ambazo watoto hupokezana kuziongoza ndani ya kikundi: kubashiri kitakachofuata, kuuliza maswali, kufafanua palipo pagumu, na kusimulia kwa ufupi. Anza na mbili tu, kuuliza na kusimulia. Na habari moja isiishe siku moja. Ikae ubaoni Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kila siku ikiulizwa kwa kina zaidi. Naona ni afadhali mtoto afike Desemba akiwa amezielewa habari 30 kuliko kuzipitia 90 kwa kuimba.

Sasa mzazi, na hasa wewe bibi unayesema, “Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mjukuu?” Unaweza sana. Mtoto akirudi, mwambie, “Nisimulie mlichosoma leo.” Akusimulie kwa Kisukuma. Msikilize kama unavyomsikiliza jirani akileta habari za msiba au harusi: nani alikuwepo, ikawaje, kwa nini wakafanya hivyo? Kama hakuelewa alichosoma, atashindwa kusimulia, na wewe utagundua kabla ya mwalimu. Na jioni mnapomenya viazi vya michembe, msimulie hadithi zako, kisha katikati unyamaze na kumwuliza, “Unadhani Fisi atafanya nini sasa?” Mtoto aliyezoea kubashiri akisikiliza atabashiri akisoma. Hilo halihitaji kalamu wala taa.

Lakini ili asimulie, lazima awe na cha kusoma, na hapa nina ombi kwa walimu wakuu na kamati za shule. Katika shule nyingi vitabu vya Taasisi ya Elimu vinagawiwa asubuhi, vinakusanywa mchana na kufungiwa kabatini, kwa hofu kwamba vitachanika au vitapotea. Hofu hiyo naielewa, kwani mwalimu mkuu ndiye anayeulizwa mkaguzi akija. Lakini wazazi wanaweza kuamua kwenye kikao kwamba kila Ijumaa mtoto apewe kitabu, mzazi aweke sahihi au dole gumba, kirudi Jumatatu kikiwa kwenye mfuko, na kikichakaa kwa kusomwa, mwalimu mkuu asidaiwe. Msimu wa kuchuma pamba, watoto wanapokosa vipindi kwa sababu wako shambani, utaratibu huo unahitajika maradufu.

Kikao cha wazazi kitaitishwa muhula huu. Mambo ya madawati na chakula cha shuleni yatazungumzwa, kama ilivyo ada. Ukipewa nafasi, simama uulize: leo usiku, vitabu vya Darasa la Pili vimelala wapi?